Springi Mpya, Mikono Ile Ile
Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama wanachama vyenye pikapu



Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Yafaa neno hilo likumbukwe kila mara chama kinapotaka kutengeneza gari lake, kwani gari nalo ni kamba ndefu ya vyuma vilivyoshikana, na anayeongeza nguvu mahali pamoja hana budi kutazama ni wapi panabaki pembamba.

Ichukuliwe pikapu ya chama kimoja cha msingi, chama cha mfano tu, ila mfano ambao makatibu wengi watautambua. Gari hilo hubeba mbolea na dawa kabla ya palizi, hubeba magunia wakati wa mavuno, na kila mwisho wa mwezi humpeleka mhasibu benki. Baada ya miaka kadhaa ya barabara za udongo, upande wa mbele umeshuka. Linapoingia shimoni chuma hulia. Tairi za mbele zimeliwa upande mmoja, na dereva hushuka akiwa ameshika kiuno. Siku moja dereva huyo anamletea katibu karatasi ya makadirio kutoka gereji ya mjini: jozi ya koilova mpya, ndefu kuliko za zamani, za kuliinua gari sentimita 8. Bodi inaitishwa. Swali la kwanza ni bei. La pili ni kama fundi atapunguza. Swali lililopaswa kutangulia haliulizwi: je, mikono iliyotoka kiwandani na gari hilo itaweza kuzipokea springi hizo?

JINSI GURUDUMU LA MBELE LINAVYOBEBWA

Neno koilova ni la mafundi. Maana yake ni springi ya koili iliyovishwa juu ya shokapu, vyote viwili vikafanywa kitu kimoja. Springi ndiyo ibebayo uzito wa gari. Shokapu huituliza springi ili isiendelee kurukaruka baada ya shimo kupitwa. Wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo ibebayo. Sivyo. Shokapu iliyokufa haishushi gari, bali huliacha liyumbe. Springi iliyochoka ndiyo ilishushayo.

Gurudumu lenyewe hushikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, ambayo mafundi huiita amu. Upande mmoja mikono hiyo imefungwa kwenye chesisi kwa bolti zenye bushi za mpira. Upande wa pili imeshikana na kiungo kinachobeba gurudumu kwa boli jointi, yaani kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Koilova husimama juu ya mkono wa chini, hupita katikati ya mkono wa juu, na kichwa chake hufungwa kwenye kipachiko cha chesisi.

Si kila pikapu iliyoundwa hivyo. Hilux ya Toyota, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, ni mfano mzuri. Zile zenye kuvuta kwa magurudumu manne, zilizoanza mwaka 1979, zilikuwa na ekseli nzima mbele iliyokalia springi za mabapa. Baadaye nyingine zikaja na mikono miwili inayobebwa na nondo ndefu ya kujisokota. Kizazi kilichoanza kutolewa mwaka 2004 ndicho kilichoweka springi ya koili juu ya shokapu kwa magari hayo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya katibu ni kuinama na kutazama chini ya gari la chama. Gari lenye ekseli nzima au nondo halina kipachiko cha kuipokea koilova, na anayesema itafungwa kwa nusu siku hajalitazama gari hilo.

HESABU YA MKONO

Mkono wa chini ni wenzo, kama wenzo wowote ufundishwao shuleni. Tuseme una urefu wa sentimita 40 kutoka chesisi hadi boli jointi, na mguu wa koilova umekaa katikati, sentimita 20 kutoka chesisi. Ikiwa gurudumu linabeba kilo 500, springi iliyo katikati ya mkono italazimika kubeba takriban kilo 1,000. Nalo gurudumu likipanda sentimita 10, springi itabonyea sentimita 5 tu. Nguvu huongezeka maradufu, mwendo hupungua nusu.

Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba springi hubadili urefu kwa kadiri ya nguvu inayoivuta au kuibonyeza. Springi inayobonyea sentimita 1 kwa kila kilo 100 itabonyea sentimita 10 chini ya kilo 1,000 zile. Lakini kwenye gurudumu hesabu ni nyingine: kilo 50 zikiongezwa juu ya gurudumu, springi huonja kilo 100, hubonyea sentimita 1, na gari hushuka sentimita 2. Yaani kwenye gurudumu ugumu ni kilo 25 kwa kila sentimita, robo ya ugumu ulioandikwa kwenye springi.

Kuna mambo mawili hapa ya kuandikwa na katibu. La kwanza, kitu kidogo kikiwekwa kwenye koilova huwa kikubwa kwenye gurudumu. Pande la chuma la sentimita 2.5 likiwekwa juu ya koilova huinua gari karibu sentimita 5. La pili, springi nzito huchaguliwa kwa uzito ulioko mbele siku zote, kama vile ngao ya chuma au betri ya pili. Haichaguliwi kwa ajili ya magunia, kwani magunia hayakai mbele.

MIPAKA MINNE YA MIKONO YA KIWANDANI

Mikono ya kiwandani ilipimwa kwa kimo cha kiwandani. Gari likiinuliwa, mikono huelekea chini zaidi siku zote, hata gari likiwa limesimama. Hapo mipaka minne hujitokeza.

Mpaka wa kwanza ni boli jointi ya juu. Kichwa chake huzunguka kwa kadiri maalumu tu. Mkono ukiinama mno, shina la boli jointi huegemea ukingo wa kikombe chake, na kila shimo huwa ni pigo la nyundo juu ya ukingo huo. Boli jointi ikikatika gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala na usukani haufai tena kitu. Aliyemo ndani ni dereva wa chama, na aghalabu mhasibu yuko pembeni yake.

Mpaka wa pili ni nafasi kati ya mkono wa juu na springi. Gurudumu likining'inia, mkono wa juu husogea karibu na koili. Koilova nene au ndefu kupita kiasi huguswa na mkono, na chuma kikigusana na chuma kila siku, kimoja kitaliwa.

Mpaka wa tatu ni mkao wa gurudumu. Gari likiinuliwa, mhimili ambao gurudumu hugeuka juu yake hupungua mlalo wake wa kuelekea nyuma. Usukani huwa mwepesi, haurudi wenyewe, na gari hutangatanga barabarani. Kadhalika gurudumu huinama nje au ndani na kula tairi. Bolti za mkono wa chini za magari mengi ya namna hii zina pete za kurekebishia, lakini marekebisho hayo yana mwisho wake. Yakiisha kabla ya mkao kupatikana, hakuna ustadi wa alaimenti utakaosaidia.

Mpaka wa nne ni wa magari yenye kuvuta kwa magurudumu manne. Shafti fupi zinazopeleka nguvu mbele hukunjika zaidi. Mipira inayofunika grisi yake hujikunja, husuguana, hupasuka. Mchanga huingia, na shafti hufa.

Kwa sababu hizo mafundi wengi wenye uzoefu huishia karibu na sentimita 5 za kuinua ikiwa mikono ni ya kiwandani. Zaidi ya hapo hutakiwa mikono ya juu ya namna nyingine, yenye boli jointi iliyowekwa kwa pembe tofauti, na wakati mwingine difu ya mbele kushushwa. Hayo ni magharama mengine, na Bodi yafaa ijiulize kama chama kinahitaji kimo hicho au kinakitamani tu. Zile sentimita 8 za karatasi ya makadirio zilikuwa nje ya mpaka tangu siku ya kwanza.

NJIA TATU ZA KUINUA, NA TOFAUTI YAKE

Gurudumu linaponing'inia, kinacholizuia lisishuke zaidi ni urefu wa shokapu iliyovutwa hadi mwisho. Basi urefu huo ndio mlinzi wa boli jointi na shafti. Jambo hili ni dogo kulisema, ila ndilo linalotenganisha kazi nzuri na kazi mbaya.

Pande la chuma likiwekwa juu ya koilova ya zamani, koilova nzima hushuka, na mlinzi huyo hushuka pamoja nayo. Kwa mfano wa hesabu iliyotangulia, gurudumu huachiwa kushuka sentimita 5 zaidi ya kikomo cha kiwanda. Tena gari likibonyea, shokapu yaweza kufika mwisho wake kabla mkono haujagusa mpira wa kikomo, nayo ikapokea pigo ambalo haikuumbiwa. Njia hii ni ya bei ndogo kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayopendwa.

Njia ya pili ni pete yenye nyuzi iliyo kwenye baadhi ya koilova, ambayo husukuma springi kutoka upande mmoja. Hapa liko kosa la kawaida: watu husema pete ikikazwa springi huwa ngumu. Haiwi ngumu. Uzito wa gari haukubadilika, kwa hiyo springi hubonyea hadi urefu ule ule. Kilichopanda ni gari. Kikomo cha kuning'inia hakibadiliki, na hiyo ni heri. Ila nafasi ya gurudumu kushuka hupungua. Gari lililokuwa na sentimita 8 za kushuka, likiinuliwa sentimita 5, hubakiwa na 3. Pete ikikazwa kupita kiasi, kila bonde dogo hugongesha shokapu kwenye mwisho wake wa juu, na dereva atarudi akiwa ameshika kiuno kama zamani.

Njia ya tatu ni koilova iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na mikono hiyo, yenye springi inayofaa uzito wake, na shokapu ambayo urefu wake wa mwisho hauzidi uwezo wa boli jointi. Katika karatasi ya makadirio neno hilo liandikwe waziwazi: ni ya gari gani, ya mwaka gani, ya kuinua sentimita ngapi, na kwamba hufungwa na mikono ya kiwandani. Muuzaji asiyekubali kuyaandika hayo amekwisha kujibu.

MAGUNIA HUBEBWA NA NYUMA

Yapo maneno yanayosemwa mara nyingi penye mizani wakati wa mavuno, kwamba pikapu ikiwekewa koilova mpya itaongeza magunia. Hakuna jambo lililo mbali na kweli kama hilo. Uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba umeandikwa na kiwanda, nao unahusu chesisi, ekseli, tairi na breki pia. Koilova za mbele haziongezi hata kilo 1.

Mzigo wa magunia hukalia springi za mabapa za nyuma. Ukizidi, nyuma hulala, mbele hunyanyuka, tairi za mbele hupungukiwa mshiko, na breki za mbele hupoteza sehemu ya kazi yake. Gari lililoinuliwa mbele kisha likajazwa nyuma huzidi kuangalia mbinguni, na taa zake usiku huwapofusha wanaokuja. Chama chenye magunia mengi kuliko uwezo wa pikapu kina njia mbili: kwenda mara mbili, au kukodi lori. Zote ni za bei ndogo kuliko mazishi.

KAZI YA KUFUNGA

Katibu si fundi, wala hatakiwi kuwa fundi. Lakini mwakilishi wa chama akisimama pale gereji anaweza kuona kama mambo yafuatayo yanafanyika.

1. Kabla ya kufungua chochote, gari lisimame mahali sawa bila mzigo, ipimwe kwa mkanda kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Vipimo viandikwe.

2. Bushi na boli jointi zikaguliwe kwanza. Koilova mpya juu ya bushi zilizokufa ni fedha iliyotupwa. Huenda zikaonekana hizo bushi ndizo zilizokula tairi.

3. Gari likalie stendi za chuma chini ya chesisi, lisikalie jeki peke yake. Magurudumu ya nyuma yazuiwe.

4. Nati ya katikati, juu ya koilova, isifunguliwe kamwe kabla springi haijafungwa kwenye kibanio chake. Springi hiyo hubeba nguvu inayokaribia tani moja. Ikiachiwa ghafla huruka na kuua. Fundi asiye na kibanio kizima asipewe kazi hii.

5. Paipu za mpira za breki na nyaya zilizo karibu na gurudumu zisiachwe zikaning'inizwa na uzito wa vyuma vilivyofunguliwa.

6. Koilova zikishafungwa na gurudumu likiwa bado linaning'inia, usukani ugeuzwe hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na kila mara utulie kabla ya kuchungulia. Paipu ya breki isivutike. Kati ya mkono wa juu na koili ipite walau kalamu ya risasi. Pasipopita, kazi irudiwe.

7. Bolti za mikono zenye bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa linaning'inia, mpira hubaki umejisokota siku zote, nao huchanika upesi. Ukazaji ufuate vipimo vya kiwanda, kwa spana ya kupimia nguvu, na pini za usalama ziwe mpya.

8. Vipimo vya namba 1 virudiwe. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia ielezwe.

9. Gari lisirudi kijijini bila alaimenti, na karatasi ya mashine yenye namba za kabla na baada iletwe ofisini. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

10. Baada ya kilometa 500 au zipatazo hizo, bolti zote zilizoguswa zikaguliwe tena, kwani springi mpya hujikalia na vyuma vipya hutafuta mahali pake.

DAFTARI LA GARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili hutajwa sana juu ya mizani na stakabadhi za mazao, lakini gari ni mali pia, tena mali inayotembea. Yapasa kila chama kiwe na daftari la gari lililo mbali na lile la safari za dereva, nalo lionyeshe kila kifaa kilichobadilishwa, tarehe, kilometa, jina la fundi, na namba ya stakabadhi. Vifaa vya zamani virudishwe stoo ya chama ili wajumbe wavione, kwa maana vinavyobaki gereji hupata njia ya kuuzwa tena. Makadirio yatoke kwa mafundi watatu, na muhtasari wa Bodi useme kwa nini aliyechaguliwa alichaguliwa. Ikiwa kimo cha gari kimebadilishwa, kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi, ajali isije ikatokea na chama kikabaki kubishana.

Sasa ile Bodi ya chama cha mfano ifanye nini? Ikifuata mashauri haya, itamrudisha dereva gereji na mkanda wa kupimia badala ya fedha. Huenda ikagunduliwa kwamba upande wa kushoto umeshuka sentimita 4 na wa kulia 3, kwamba bushi za chini zimekwisha, na kwamba bapa moja la springi ya nyuma limekatika bila mtu kujua. Basi fedha iliyotengwa kwa sentimita 8 za majivuno ingetosha kununua koilova za kimo cha kawaida au zaidi kidogo, bushi mpya, na bapa la nyuma. Gari lisingependeza macho ya vijana wa sokoni. Lakini mikono yake ingekaa katika pembe iliyopimiwa, tairi zingeliwa sawasawa, na dereva angefika.

Dereva huyo hakukosea kulalamika. Alisikia chuma kikilia mapema kuliko wote, na chama kisichomsikiliza dereva wake hujifunza kwa gharama. Alikosea mahali pamoja tu, na Bodi ilikosea pamoja naye: walitaka kuongeza nguvu ya springi bila kuuliza mikono itasema nini. Gunia la mbolea lisilofika kwa wakati ni mavuno ya mwanachama, na aliyeshika usukani ni mtoto wa mwanachama. Kwa hiyo kabla ya muhtasari wa mkutano ujao kutiwa sahihi, katibu na ainame chini ya gari la chama, aitazame mikono hiyo, ndipo aandike.